Pikapu ya dizeli ya mkononi: niliyoyafanya mapema, na moja nililoliahirisha

Nimeuza nazi na machungwa hapa Tanga miaka kumi na moja, na katika hiyo miaka tisa nilikuwa nakodi gari za watu, yaani mzigo wangu lakini ratiba ya mtu mwingine, unampigia simu saa kumi alfajiri kwamba machungwa yameshachumwa Muheza anakwambia mama mimi nipo Korogwe nakuja mchana, na machungwa yakishalala juani nusu siku bei inavyoshuka anayeijua ni yule aliyewahi kusimama nayo pale sokoni Mgandini. Ndiyo maana nilipopata pikapu sikukawia. Hilux ya kebini moja, injini 5L, dizeli isiyo na tabo, cc 2,986, imetumika hapa hapa nchini mikono miwili kabla yangu. Milioni 18. Na hela yote niliyokuwa nayo niliimaliza kwenye bei ya gari, sikubakisha hata laki ya kuanzia matengenezo. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu shida zangu nyingi za miezi ile ya kwanza zilitokea hapo.

Muuzaji alikuwa mtu mzima wa heshima zake, sina ubaya naye. Alinambia service nimefanya mwezi uliopita, belti nimebadilisha, wewe weka mafuta uende. Karatasi hakuwa nayo hata moja, sio risiti ya filta sio ya oili, na mimi sikuuliza, niliona aibu kumuuliza mtu mzima ushahidi.

Sasa hapa Makorora kuna fundi mmoja mzee, gari za dizeli ndiyo maisha yake, gereji yake ni kivuli cha mwembe na banda la mabati la kufungia vifaa. Nikampelekea gari siku ya tatu, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamwambia nimenunua gari nataka uiangalie tu, ila service imeshafanyika mwezi uliopita. Akaniuliza, umeiona ikifanywa? Nikasema hapana. Akasema basi sisi tuihesabu haijafanywa, oili tunamwaga yote, filta zote tunatoa, tunaandika kilomita za leo, kuanzia hapo tunajua. Nikaona mzee ananitafutia gharama. Leo nikikumbuka namshukuru Mungu alishikilia neno lake.

Jambo la kwanza alilofanya hakugusa spana. Aliingia ndani, akawasha swichi bila kupiga stata, akakaa anaangalia dashibodi. Akaniita. Unaona taa ngapi? Nikamtajia, ya betri ipo, ya oili ipo, ya hendibreki ipo. Akanambia kuna mbili hazipo hapa. Ya T-BELT na ya filta ya dizeli. Kwenye hizi Toyota za dizeli ukiwasha swichi hizo taa zote zinatakiwa ziwake zenyewe kujipima, alafu injini ikinguruma zinazima. Isiyowaka kabisa ama globu imekufa ama imetolewa. Kijana wake akafungua dashibodi, na kweli, sehemu mbili za globu zilikuwa tupu, hakuna kitu. Wakaweka globu mpya, vidogo vile bei yake haizidi soda, mzee akapiga stata, injini ikawaka, taa zote zikazima isipokuwa moja. T-BELT ikabaki inawaka nyekundu.

Sitasahau vile tulivyonyamaza wote watatu.

Kwa asiyejua, hiyo taa inahesabu kilomita. Ikifika 100,000 tangu ilipowekwa sifuri mara ya mwisho inawaka kukwambia taimingi belti imefika muda wake. Ukibadilisha belti unairudisha kwenye kuhesabu upya, iko sehemu yake hapo hapo kwenye dashibodi. Aliyekuwa na gari kabla yetu, sijui yupi kati ya wawili, taa ilimkera akaona dawa ni kutoa globu. Na inawezekana kabisa huyu aliyeniuzia alinunua ikiwa hivyo hivyo na yeye akaambiwa belti imebadilishwa.

Mzee akasema gari haitoki hapa. Akafungua kava. Belti ilikuwa na nyufa mgongoni kila unapoikunja, na upande mmoja imelowa oili, kumbe oili sili ya krenki (mpira unaozuia oili isitoke) ilikuwa inavuja ndani kwa ndani na belti ya mpira ikilowa oili inalainika meno yanaanza kung'oka. Alinionyesha jino moja limeshalegea, ulikuwa ukiligusa na ukucha linacheza. Nilikuwa nimeshaendesha ile gari Tanga mpaka Muheza na kurudi mara mbili, na siku moja nimebeba watoto wa dada yangu nyuma.

Ngoja nieleze kwa nini hii belti ndiyo ya kwanza kabla ya kitu chochote, kabla ya tairi mpya kabla ya rangi kabla ya redio. Dizeli haina plagi za cheche kama petroli. Inawaka kwa kubana hewa, na kwenye injini hizi hewa inabanwa mpaka inabaki kama sehemu moja ya 22, inapata moto mkali kiasi kwamba dizeli ikipulizwa na nozo inawaka yenyewe. Ili ibane hivyo pistoni inapanda mpaka juu kabisa, nafasi kati yake na valvu ni ndogo mno. Kinachofanya valvu ziwe zimeshafunga pistoni inapofika juu ni hiyo belti, na ndiyo hiyo hiyo inayozungusha pampu ya dizeli. Ikikatika gari haizimi tu ukasukuma pembeni. Pistoni inagonga valvu, valvu zinapinda, hedi inatoka, na ukiwa na bahati mbaya pistoni nayo inapasuka. Belti moja ya mpira inakuletea bili ya injini nusu.

Tulibadilisha belti, beringi ya tenshena inayokaza belti (watu wengi wanaruka hii, wanaweka belti mpya kwenye beringi ya zamani inayolia, ikikwama inaichana belti mpya), oili sili ya krenki na ya kem shafti. Belti na beringi mzee alikataa za bei ya chini, alinituma duka la spea analoliamini akaniambia usiletewe nyingine hata wakikwambia ni sawa sawa. Kwa jumla spea na ufundi laki nne na ushee, hela niliyokopa kwenye kikundi chetu cha kina mama. Alipofunga kava akaandika juu yake kwa rangi nyeupe, tarehe na 214,600. Akanambia kiwanda kinasema laki moja lakini wewe gari yako ya mzigo na vumbi, ukifika 80,000 nione.

Hapo kwenye kilomita niseme kitu kidogo. 214,600 ndiyo iliyoandikwa kwenye dashibodi, lakini mpira wa pedeli ya klachi ulikuwa umelika mpaka chuma kinaonekana na usukani umekuwa laini kama kikombe. Gari imetembea zaidi ya hapo. Haijalishi, tunahesabu kuanzia siku ile.

Oili sasa. Iliyotoka kwenye injini ilikuwa nzito kama lami na filta ilikuwa na kutu kwa nje, kwa hiyo hiyo service ya mwezi uliopita kila mtu ajaze mwenyewe. Tukaweka 15W-40 ya dizeli na filta mpya. Baada ya siku mbili nikavuta kijiti kupima nikaona oili imeshakuwa nyeusi, nikarudi kwa mzee mbio nikijua nimeuziwa oili feki. Akanituliza, mwanangu dizeli ni hivyo, masizi yake yanaingia kwenye oili na kazi ya oili ni kuyabeba, oili ya dizeli ikibaki ya dhahabu wiki nzima hiyo ndiyo unitafute. Kinachotakiwa ni kuimwaga kila kilomita 5,000, basi. Na kupima kila asubuhi kabla ya kuwasha, gari ikiwa imesimama sehemu tambarare.

Difu ya nyuma, lile boksi la gia katikati ya ekseli, ilipofunguliwa ilitoka kitu rangi ya chai ya maziwa. Maji yalishaingia humo. Gari ya kazi huku kwetu inavuka vijito masika na difu ikiwa ya moto ikaingia kwenye maji ya baridi inavuta maji ndani kupitia kipumulio chake cha juu kama kimelegea. Watu wanamwaga oili ya injini miaka nenda miaka rudi, ya difu na ya gia boksi hakuna anayekumbuka mpaka ilie. Tulimwaga mara mbili, ya kwanza tukaweka, nikaendesha siku mbili, tukamwaga tena kuosha. Propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, ilipigwa grisi kwenye nipeli zake zote (vichuchu vya kupitishia grisi), moja ilikuwa imeziba tope gumu kabisa.

Upande wa maji ya rejeta ndiyo nilijifunza jambo ambalo nalisema kwa kila mtu. Fundi mmoja huko nyuma alikuwa ametoa thamostati, kile kivalvu kinachozuia maji ya rejeta yasipoze injini kabla haijapata joto. Ukiwauliza mafundi wengine watakwambia huku joto, thamostati ya nini, itoe gari ipoe. Sio kweli jamani. Injini ya dizeli inataka kufika kwenye joto lake na kubaki hapo, bila thamostati inatembea baridi, inakula mafuta zaidi, inalika haraka. Na mara nyingi thamostati imetolewa kuficha kwamba gari ilikuwa inachemsha, yaani badala ya kutibu rejeta iliyoziba wametoa kilichokuwa kinawaonyesha. Rejeta yangu ilitolewa ikaoshwa, ilitoka uchafu wa kutu na weupe weupe wa chumvi, maana watu wanajaza maji ya visima na visima vingi vya huku karibu na bahari vina chumvi. Tukaweka thamostati mpya, kifuniko kipya cha rejeta, na kulanti. Tangu hapo sindano ya joto ikishapanda inakaa pale pale, mlima au tambarare.

Dizeli yenyewe. Mzee alinifundisha kitu kimoja mpaka akahakikisha nimekifanya kwa mikono yangu mwenyewe mbele yake. Chini ya filta ya dizeli kuna kikombe cha kutenga maji, maji ni mazito kuliko dizeli kwa hiyo yanakaa chini, na yakijaa ndiyo ile taa ya filta inawaka. Unazima gari, unaweka kopo chini, unalegeza kile kifungulio cha chini kwa vidole, unabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka maji yaishe itoke dizeli safi, unakaza. Haina spana. Dakika tatu.

Mwezi wa pili nilivuka Pangani kwa kivuko, ng'ambo ya Bweni, kufuata nazi. Kurudi mafuta yakawa hayatoshi nikanunua dumu la lita 20 kijijini. Sikufika mbali gari ikaanza kukata pumzi, unakanyaga haivuti, na taa ya filta ikawaka. Ile ile ambayo globu yake haikuwepo. Nikasimama nikafanya kama nilivyofundishwa, yakatoka maji kama kikombe kizima cha kahawa, kile cha kwenye vijiwe vyetu. Nikakaza, nikabonyeza pampu ya mkono mpaka ikawa ngumu, nikawasha. Nilisimama pale barabarani nikashukuru kwa sauti. Maji yakipita filta yanaenda kwenye pampu na nozo, na hizo zinalainishwa na dizeli yenyewe, hazina oili yao, maji yanazikwangua na kuzitia kutu, na fundi wa pampu na nozo ukimwona bei yake utaelewa kwa nini dizeli ya dumu ni ghali kuliko ya kituoni. Baada ya pale tuliteremsha tenki lote, chini lilikuwa na tope jeusi na vipande vya kitambaa, sijui mtu alifunikia nini badala ya kifuniko. Filta ya dizeli sasa nabadilisha kila nikimwaga oili mara mbili, wengine wanaona naharibu hela.

Nikaja nikajua pia kwamba joto la Tanga linaficha ugonjwa. Mwezi wa saba nilipeleka nazi Lushoto nikalala ili asubuhi nipakie kabichi na karoti. Huku pwani ile gari ilikuwa inawaka ukigusa tu ufunguo. Lushoto saa kumi na moja asubuhi, baridi ile, ikagoma. Inazungusha, inatoa moshi mweupe nyuma, haishiki, inazungusha, mpaka betri ikaanza kulegea. Vijana wa pale wakanisaidia kuisukuma kwenye mteremko, asanteni sana wanangu popote mlipo. Kurudi Tanga mzee akapima hita plagi, tatu kati ya nne zimekufa siku nyingi. Zile ndizo zinapasha chumba cha moto kabla ya kuwasha, ndiyo maana kuna ile taa ya mviringo wa waya unaisubiri izime. Pwani hewa yenyewe ni ya moto kwa hiyo gari inawaka hata bila hizo na wewe unajua iko salama. Ukinunua gari ya dizeli Tanga au Pangani au Bagamoyo hita plagi zipimwe hata kama inawaka vizuri, siku ukipanda mlimani utanikumbuka.

Sasa lile nililoliahirisha.

Siku ya kwanza kabisa mzee aliniandikia kwenye karatasi ya daftari mambo kumi na mbili. Namba tisa ilikuwa paipu za oili nyuma ya alteneta, ile inayochaji betri. Dizeli hizi hazina mvuto wa hewa kwenye injini kama petroli wa kusaidia breki, kwa hiyo nyuma ya alteneta wameweka pampu ndogo ya kuvuta hewa, ndiyo inaipa busta ya breki nguvu, na hiyo pampu inalishwa oili ya injini kwa paipu ya mpira na nyingine ya kurudisha. Zangu zilikuwa zimekauka ngumu kama mti na zina unyevu unyevu wa oili kwenye kona. Mzee akasema zibadilishe mapema. Elfu arobaini na tano zote na ufundi. Lakini nilikuwa nimeshatoa laki nne za kukopa, msimu wa machungwa umeanza, nikajiambia hela ya wiki hii ninunulie mzigo, paipu wiki ijayo. Wiki ijayo nikasema hivyo hivyo. Wiki tatu.

Siku hiyo nimetoka Muheza na machungwa mpaka juu, napeleka Segera kumkabidhi mteja wa Moshi ambaye gari yake kubwa ilikuwa inanisubiri. Nimekaribia Hale taa ya oili ikawaka. Mzee alishaniambia, ikiwaka taa ya oili usimalizie hata kona, zima. Nikazima gari inatembea, na hapo nikakutana na jambo ambalo hakuna aliyenieleza, ukizima injini ile pampu ya hewa nayo inasimama, breki unaikanyaga mara mbili tatu ya nne inakuwa ngumu kama unakanyaga jiwe, na usukani unakuwa mzito. Namshukuru Mungu palikuwa kama pana kilima kidogo gari ikasimama yenyewe pembeni. Nikashuka. Upande wote wa chini wa injini umeogeshwa oili, barabarani kuna mstari mweusi nyuma yangu mrefu mpaka kwenye kona. Kijiti nikavuta, kikavu.

Nilikaa pale kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Kijana wa mzee alipanda basi Tanga na paipu mbili na galoni ya oili akanifikia saa nane, wakati huo mteja wa Moshi ameshapiga simu mara ngapi sijui na mwishowe akaondoka, hana kosa, na yeye ana wake wanaomsubiri. Nilifunika machungwa na majani ya migomba waliyonikatia kina mama wa pale jirani, wakaniletea na maji ya kunywa, lakini jua la Hale ndiyo hilo. Mzigo ule niliuuza siku ya pili Mgandini kwa chini ya nusu ya nilivyonunua. Kwa ajili ya elfu arobaini na tano.

Injini ilipona. Mzee aliipima presha ya oili kwa geji yake siku hiyo hiyo usiku kwa mwanga wa tochi, akasikiliza, akasikiliza tena, akasema hujachelewa mama, ungesogea kilomita moja krenki ingekula beringi zake na hapo tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Hakunikaripia. Alichukua ile karatasi akaikata namba tisa na kalamu, akanionyesha zilizobaki, nne, akaniuliza ipi tunafanya kesho. Nilimwambia zote, na nikauza cherehani yangu ya pili kulipia.

Katika hizo nne ilikuwemo breki ya nyuma. Silinda ndogo ya gurudumu la kushoto ilikuwa inavuja, shuu zimelowa, na ile valvu ya juu ya ekseli inayopima uzito wa mzigo ili breki ya nyuma ishike zaidi ukiwa umepakia, mtu aliifunga na waya. Nikabadilisha na mafuta yote ya breki, maana yananyonya unyevu na hewa yetu ya bahari ni unyevu mtupu. Aliyewahi kushuka kutoka Amani na mzigo, ile barabara ya udongo ya kona kona, anaelewa kwa nini. Hata breki ikiwa nzima kule unashuka na gia namba mbili, injini ishike, breki unagusa tu, ukiikanyaga muda wote inachemka na kuacha kushika. Spring za nyuma zilikuwa zimeongezwa vipande viwili na mtu wa zamani, mzee akatoa kimoja, akasema gari ibebe inachobeba.

Na kutu. Kuna kipindi nilibeba samaki kutoka soko la samaki la Deep Sea kwa ajili ya jirani, yale maji ya barafu na chumvi yanachuruzika kwenye bodi yanaingia kwenye chasisi kupitia matundu. Sasa kila jioni ya siku ya samaki naosha chini kwa maji ya bomba, sio juu kwa kupendeza, chini. Mara moja kwa mwaka chasisi inakwanguliwa inapakwa rangi ya kuzuia kutu na sehemu za ndani zinapuliziwa oili. Bodi ikioza unaziba kwa bati, chasisi ikioza pale kwenye spring gari imekwisha.

Habari za kadi sitarefusha, hamisha jina la gari TRA (mamlaka ya mapato) mapema na kata bima ya jina lako, nilichelewa mwezi mmoja na kila nikisimamishwa barabarani nilikuwa natetemeka bila sababu.

Jumla niliyotumia miezi mitatu ile, nimeandika kila kitu kwenye daftari linalokaa kwenye droo ya dashibodi, ni milioni 2 na laki tatu na elfu sitini, bila hasara ya machungwa ya Hale. Ningekuwa nanunua leo ningetafuta gari ya milioni 15 na nusu nibakishe hiyo mfukoni, nilikuwa na uwezo huo siku ile ile, sikujua tu.

Wiki iliyopita mdogo wangu kapata pikapu kule Mikanjuni, injini 3L, nyeupe, safi kwa macho, muuzaji anasema belti imebadilishwa juzi. Akaniomba twende wote. Muuzaji akaja na ufunguo akataka kuwasha tusikie injini, nikamwomba kwa adabu kaka naomba niingie mimi kwanza. Nikawasha swichi bila stata nikahesabu. Ya betri, ya oili, ya hendibreki, ya filta. T-BELT hakuna. Nikamwonyesha, akashangaa kweli, nadhani hakuwa anajua. Nikamwambia hatukatai gari yako, tunaomba fundi wetu afungue kava kabla ya hela, gharama ya kufungua na kufunga tunalipa sisi. Akafikiria kidogo, akakubali. Mzee ameenda huko asubuhi hii na kijana wake na jeki, mdogo wangu yupo nao, na mimi niko hapa Mgandini na nazi zangu nasubiri simu.